Operesheni Bana Ghala

Umma wa Bariadi na vitongoji vyake ulitangaziwa siku ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari jeupe, kwamba historia ya mkoa sasa itabanwa. Haitafutwa, haitachomwa, haitagawiwa: itabanwa. Wananchi waliombwa kuendelea na shughuli zao kwa utulivu, na wale waliokuwa wakivuna pamba waliombwa kuvuna kwa utulivu zaidi.

Tangazo hilo lilitungwa na Bwana Constantine Mboje mwenyewe, Kaimu Mkurugenzi wa Wakala wa Matoleo ya Nyaraka, ambao kwa kifupi huitwa WAMANYA. Alilitunga mara kumi na tisa. La kumi na tisa lilitofautiana na la kwanza kwa neno "utulivu", lakini yote kumi na tisa yalihifadhiwa, maana hiyo ndiyo kazi ya WAMANYA. Pale hakuna kinachotupwa. Faili likirekebishwa, toleo la zamani linabaki ghalani, pamoja na jina la aliyelirekebisha, siku, saa, na sababu aliyoijaza.

Ghala lenyewe ni seva moja nyeusi, iliyowekwa kwenye chumba kilichokuwa jiko. Ndani yake mna hati za mashamba, orodha za wakulima wa pamba na daftari la chapa za mifugo. Mna pia video mia moja na ishirini na tatu za Bwana Mboje akikata utepe. Baadhi ya tepe zilikatwa mara mbili kwa sababu mpiga video alisinzia.

Sasa diski ilikuwa imejaa. Ilijaa mpaka seva ikakataa kufungua chochote. Mtu akitaka hati yake, ilimjibu kwamba haina hata nafasi ya kuandika kuwa amefika. Na Ijumaa alikuwa anakuja Mkaguzi Mkuu kutoka Dodoma, Bi Justina, ambaye kalamu yake ingeamua kama neno "Kaimu" litamtoka Bwana Mboje au litaendelea kumkaa mbele ya cheo kama funza kwenye kidole.

Kulikuwa na sababu nyingine ya operesheni, ndogo, ya kiuandishi tu.

Mwezi Machi, akipitia daftari la chapa, Bwana Mboje alikutana na faili la ng'ombe kumi na mmoja wa mjane mmoja wa Nkololo, Milembe Ngeleja. Lilikuwa faili zuri. Rangi ya kila ng'ombe ilikuwepo, chapa ya ubavuni, mkato wa sikio, hadi jina analoitwa zizini. Hakuna kosa hata la nukta. Bwana Mboje alilipenda kiasi kwamba alirekebisha mahali pamoja tu, kwenye mstari wa mmiliki. Alifuta "Milembe Ngeleja", akaandika "Constantine Mboje". Mengine hakuyagusa, kwa kuheshimu taaluma.

Mwezi Mei ng'ombe hao walipotea malishoni, wakaokotwa Meatu, wakafungiwa Mwanhuzi kwenye zizi la mifugo iliyopotea. Zizi lilikuwa na utaratibu wake: Ijumaa hii, saa sita mchana, watakabidhiwa kwa anayetajwa na daftari. Ili kuthibitisha kwamba ni wake, Milembe alihitaji kitu kimoja tu, toleo la zamani. Bwana Mboje naye alihitaji kitu kimoja tu, lisiwepo.

Ndiyo maana aliposikia kwamba ghala linaweza kubanwa, alifurahi kuliko mtaalamu yeyote. Akilini mwake kubana kulikuwa sawa na kukamua mbegu za pamba: kinachofaa kinachuruzika, mashudu yanabaki pembeni. Na toleo la zamani ni nini kama si mashudu?

Asubuhi hiyo ya Jumatatu alimkuta Milembe kwenye benchi la koridoni, miguu imejaa vumbi la safari, mapajani ana mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ambavyo alikuwa akivitafuna polepole kama mtu aliyejipanga kukaa.

"Mwangaluka, Mkurugenzi," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Umekuja tena, mama?"

"Sijaondoka. Alhamisi uliniambia nisubiri kidogo."

"Safi sana. Huo ndio ushirikiano tunaoutaka kutoka kwa wadau."

"Mimi si mdau, baba. Mimi nina ng'ombe kumi na mmoja Mwanhuzi, na Ijumaa saa sita wanapewa mtu. Mlinzi wa zizi kaniambia daftari halinitaji. Nataka karatasi yangu ya zamani, nijue nani kanitoa."

"Mfumo umejaa, mayu. Tunaubana. Nimeelekeza kwamba wakati wa operesheni hakuna toleo la zamani litakalofunguliwa. Ukishabanwa, utahudumiwa."

"Mkibana, karatasi yangu haitasagika?"

Bwana Mboje alitoa tabasamu la kiutumishi, lile la meno manne. "Mayu, hilo waachie wataalamu."

Mtaalamu alikuwa mmoja, Nyamizi Maduhu, binti kutoka Nyalikungu aliyeijua seva ile kama mtu anavyomjua ng'ombe mkorofi. Kwenye kikao kazi cha maandalizi alisimama, akaeleza kwa maneno ya kawaida, jambo ambalo wajumbe walilichukulia kama utovu wa adabu.

"Programu inachukua faili moja, inashika mengine pembeni yake, inatafuta yanayofanana," alisema. "Mawili yakifanana sana, haihifadhi yote mawili. Inahifadhi moja zima, na la pili inaandika tofauti tu."

"Kisha lile la pili linatupwa," Bwana Mboje alimsaidia.

"Hapana, bosi. Halipotei. Ukilitaka linaundwa upya, herufi kwa herufi."

Bwana Mboje alilisikia neno "hapana" kama alivyozoea kulisikia kutoka kwa walio chini yake, yaani hakulisikia.

"Tatizo letu ni RAM, kumbukumbu ya muda ya seva," Nyamizi aliendelea. "Faili likishashikwa, linakaa kwenye RAM hadi limalize kulinganishwa. Seva yetu ina GB nane. Video yako moja ya utepe ni GB tatu. Programu ikishika video tatu kwa pamoja, habari yake imekwisha. Nimeandika dokezo. Tuielekeze ishike mafaili machache kwa zamu, programu itumie mfanyakazi wake mmoja wa ndani badala ya wanne, na video tuziache zipite kama zilivyo. Hazibaniki hata ukizikalia."

Anatoli, Afisa Itifaki, mtu ambaye alikuwa akiitikia kwa kichwa hata bosi akipiga chafya, alilinyanyua dokezo kwa vidole viwili. "Halina namba ya jalada," alisema. Dokezo likarudishwa.

"Na halina utu," Bwana Mboje aliongeza. "Video za Mkurugenzi ziachwe nje ya mchakato? Huo ni ubaguzi. WAMANYA ni taasisi shirikishi. Mafaili yote yataitwa, yatakaa pamoja, yatalinganishwa yote kwa yote, kwa mara moja. Hakuna faili litakaloachwa nyuma."

"Bosi, RAM haitatosha."

"RAM itaelekezwa."

Uzinduzi ulifana. Utepe mwekundu ulifungwa kwenye kibodi, Bwana Mboje akaukata, na tukio likarekodiwa, ikapatikana video ya mia moja na ishirini na nne, ambayo ilipachikwa humo humo ghalani kwenye kinafasi cha mwisho, kilichokuwa kimetengewa tepe tu. Pilau ikapakuliwa. Operesheni ilikimbia vizuri hadi asilimia tisa. Hapo skrini ikawa nyeusi, ikabaki na neno moja, ambalo Nyamizi aliwatafsiria wageni waalikwa: "Imeuawa."

"Nani kaua?" Bwana Mboje aliuliza, na Anatoli tayari alikuwa ameshafunga mlango ili muuaji asitoke.

"Seva yenyewe, bosi. RAM ikikaribia kuisha, inatafuta aliyekula kuliko wote, inamwondoa, ili wengine wapumue."

Bwana Mboje, ambaye alikuwa kwenye sahani ya tatu, aliiweka chini taratibu.

"Huo ni utawala wa wapi?" alisema. "Aliyekula kuliko wote ndiye anayeondolewa? Bila kusikilizwa? Bila hata kuhamishiwa kituo kingine?"

Jioni hiyo ulitoka Waraka Namba Moja wa Operesheni, unaoipiga seva marufuku kuondoa mtumiaji yeyote wa RAM kwa kigezo cha ulaji. Waraka ulipigwa muhuri, ukabandikwa kwenye ubavu wa seva kwa gundi. Gundi iliziba tundu la kupitishia hewa.

Siku ya Jumanne tathmini ya kina ilibaini kwamba operesheni ya kwanza ilikosa mwenzake. Bwana Mboje alielekeza ziendeshwe mbili kwa pamoja, zisaidiane. Zilisaidiana sana. Zilikufa zote mbili kwenye asilimia nne, kwa muda ambao moja ilikuwa inaweza kufa peke yake mara moja na nusu.

Mchana wake watumishi waliamriwa kuzima simu zao ili zisiile RAM ya ofisi. Saa ya ukutani ilitolewa betri. Mhudumu wa chai aliulizwa kama birika lake linatumia RAM, akajibu kwamba linatumia mkaa, akaambiwa aandike maelezo. Operesheni ya tatu ilifika asilimia kumi na moja na ikatangazwa kuwa ongezeko la kihistoria, kwa hiyo ikaandikiwa ripoti ya kurasa sitini. Ripoti ilichapwa, ikasainiwa, ikaskaniwa kwa rangi, na Nyamizi akaambiwa afute programu zake mbili za kazi ili kuipatia ripoti nafasi.

"Bosi, kila tukiandika kwamba ghala limejaa, tunalijaza," Nyamizi alisema.

"Hiyo inaitwa uwajibikaji," Bwana Mboje alimjibu.

Kwenye benchi, Milembe alikuwa amefikia nusu ya mfuko wa matobolwa. Alimwuliza Anatoli siku zimebaki ngapi. Anatoli alimjibu kwamba kiutumishi zimebaki siku nne za kazi, ila ya leo haihesabiki kwa kuwa imeshaanza, na ya Ijumaa haihesabiki kwa kuwa ina mgeni.

"Kwa hiyo zimebaki mbili," Milembe alisema.

"Kimsingi."

Jumatano asubuhi Bwana Mboje alikuwa akielekea kwenye kikao cha kuunda kamati ndogo ya RAM aliposikia kicheko. Si kicheko cha adabu. Ni kile cha tumboni, ambacho ofisi za umma huwa hazina. Nyamizi alikuwa ameketi kando ya Milembe, macho mekundu kwa kuhesabu asilimia, akimweleza yanayojiri, na Milembe alikuwa anapangusa machozi kwa ncha ya kitenge.

"Yaani mnanywesha wote kwa mkupuo?" Milembe aliuliza. "Wote?"

"Wote, mayu. Na yule mkubwa kuliko wote ndiye anayetangulia."

"Yesu wangu! Kwetu lambo likiwa na maji ya magotini, ukishusha kundi zima, wa mbele wanakanyagwa, maji yanakuwa tope, hakuna aliyekunywa. Unashusha watano. Wakitoka, unashusha watano. Lile dume lenye nundu unaliacha juu huko huko, litakunywa kwa wakati wake. Mbona hilo hata mtoto wa darasa la pili anajua? Huyu mkubwa wenu kwao walikuwa wanafuga nini, majogoo?"

Bwana Mboje alipita kama hakusikia. Lakini hakufika kwenye kamati ndogo. Aligeuka, akaingia ofisini, akafunga mlango, na baada ya tafakuri ya kina iliyochukua dakika kumi na mbili alitoka na mkakati.

"Ndugu wajumbe," alisema, akiwa amesimama juu ya kiti kwa sababu ya uzito wa jambo. "Nimebuni kitu. Nimekiita Mkakati wa Lambo. Mafaili yataingia machache kwa zamu. Mfanyakazi wa programu atakuwa mmoja. Mafaili makubwa, yenye hadhi, yatabaki juu, hayatalinganishwa na mtu."

Watu walipiga makofi. Anatoli alipiga makofi kwa mikono miwili na mguu mmoja. Nyamizi aliusoma Mkakati wa Lambo kurasa zote mbili. Ulikuwa dokezo lake la Jumatatu, lenye namba ya jalada.

"Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, bosi. Nimekuwa nikielewa tangu Jumatatu."

"Vizuri. Unajifunza haraka."

Nyamizi alibandua waraka uliogundishwa kwenye ubavu wa seva, akaandika mistari minne, akabonyeza. Hakukuwa na utepe. Programu ilianza kushusha mafaili lamboni, matano matano, bila haraka na bila kusukumana. Saa sita mchana ilikuwa asilimia kumi na tano. Watumishi walikuja mmoja mmoja kuchungulia dirishani, kama wanafunzi wanaochungulia matokeo ubaoni. RAM ilikuwa inapanda kidogo, inashuka, inapanda kidogo, inashuka. Hakuna aliyeuawa.

Alhamisi, saa tisa alasiri, ilifika mia.

Nyamizi hakushangilia. Alikaa mbele ya skrini kwa muda mrefu akisoma orodha ya yaliyobanwa, kuanzia lililobanwa kidogo hadi lililobanwa sana. Alipofika mwisho wa orodha aliisoma tena. Kisha alichapa kurasa mbili, akapiga hodi kwa bosi.

"Bosi, imekwisha. Ghala limebanwa."

Bwana Mboje aliinuka kwenye kiti. "Yote? Na yale matoleo ya zamani yamebanwa?"

"Hayo ndiyo yaliyobanwa kuliko kitu chochote."

"Safi! Safi sana, binti." Alipumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. "Sasa kesho nataka ripoti isomwe hadharani. Bi Justina anapenda takwimu. Kuna faili bingwa? Kila operesheni lazima iwe na bingwa."

"Lipo, bosi. Lipo moja limebanwa hadi likabaki mstari mmoja."

"Mstari mmoja! Hilo ndilo la kufungia shughuli. Wote wasimame, wapige makofi dakika nzima."

Nyamizi alizitazama kurasa zake, kisha akamtazama yeye. "Nilisome kwa ufupi, au lote? Yaani lilikuwa faili gani, lilifanana na lipi, tofauti ni nini, nani alirekebisha, lini?"

"Lote! Bila kuruka mstari. Tusionekane tunaficha mafanikio."

"Naomba uniandikie, bosi. Unajua tena mambo ya utaratibu."

Bwana Mboje alipendezwa na nidhamu hiyo. Aliandika kwa mkono wake kwamba anaelekeza ripoti isomwe yote, bila kuruka mstari, mbele ya mgeni rasmi. Akasaini. Akapiga muhuri. Anatoli akaipa barua namba ya jalada, akaiskani, akaipandisha ghalani.

"Na yule mama wa koridoni?" Nyamizi aliuliza akiwa mlangoni. "Mfumo sasa unafunguka. Nimtolee karatasi yake?"

Bwana Mboje alitafakari kwa huruma. "Kesho," alisema. "Saa saba mchana."

"Zizi linakabidhi saa sita, bosi."

"Ndiyo maana nimesema saa saba. Tusimchanganye na foleni."

Ijumaa saa nne, ukumbi wa WAMANYA ulipambwa vitambaa. Bi Justina alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye kidaftari, na alikuwa na tabia mbaya ya kusikiliza. Bwana Mboje alihutubia saa nzima na dakika kumi juu ya Mkakati wa Lambo na jinsi ulivyomjia. Koridoni, mlango ukiwa wazi, Milembe alikuwa amesimama. Mfuko wa matobolwa ulikuwa mtupu. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani, ile iliyotolewa betri, ambayo tangu Jumanne ilikuwa inaonyesha saa nane na robo.

Saa tano na dakika kumi na tano Nyamizi aliitwa mbele.

"Kabla ya operesheni na video ya uzinduzi, ghala lilikuwa GB mia nne na kumi na mbili," alisoma. "Baada ya operesheni ni mia tatu na sabini na tatu. Kati ya hizo, mia tatu na sabini na mbili ni video za Mkurugenzi, ambazo hazibaniki. Nyaraka za wananchi wote, mashamba yote, pamba yote, mifugo yote, na matoleo yake yote, zimeenea kwenye GB moja."

Bi Justina aliacha kuandika. "Wananchi wote moja?"

"Moja, mama."

"Na yeye peke yake mia tatu na sabini na mbili?"

"Hii inayorekodiwa sasa haimo."

Mpiga video alishusha kamera taratibu, akaitazama kama kitu alichokiokota.

"Ni kumbukumbu za kitaifa," Bwana Mboje alieleza. "Tuendelee na bingwa!"

"Faili bingwa," Nyamizi alisoma, kwa sauti ile ile ya takwimu, "linatoka kwenye daftari la chapa. Lina kurasa nne na ng'ombe kumi na mmoja. Programu iliona kwamba linafanana na toleo lililolitangulia kwa kila herufi, isipokuwa mstari mmoja, ndiyo maana likabaki mstari mmoja. Mstari huo kwenye toleo la zamani unasema: Mmiliki, Milembe Ngeleja, Nkololo. Kwenye toleo jipya unasema: Mmiliki, Constantine Mboje. Aliyerekebisha ni Constantine Mboje. Tarehe kumi na nne Machi, saa sita na dakika tano mchana. Sababu ya marekebisho, kama alivyoijaza mwenyewe: 'Kuboresha.'"

Ratiba ilisema kwamba baada ya bingwa wote wasimame na kupiga makofi dakika nzima. Anatoli alisimama. Ukumbi mzima ukasimama. Watu walipiga makofi dakika nzima, wakimtazama Bwana Mboje usoni, na wengine wakaongeza ya kwao.

"Lakini lile toleo lilibanwa!" Bwana Mboje alisema makofi yalipokwisha.

"Limebanwa, bosi," Nyamizi alisema. "Halijapotea. Nilikwambia Jumatatu."

"Mimi nilidhani..." Akaishia hapo, kwa kuwa hakuna mwisho mzuri wa sentensi hiyo.

Bi Justina alifunga kidaftari. "Nani aliagiza hili lisomwe hadharani?"

Nyamizi alitoa barua. Bi Justina aliisoma, akaigeuza, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba.

"Namba ya jalada ipo," Anatoli alisema kwa fahari. Kisha alielewa alichokisema, akaketi.

Ilikuwa saa tano na nusu. Milembe aliitwa ndani. Bi Justina alipiga simu Mwanhuzi, akaiweka juu ya meza ili wote wasikie. Mlinzi wa zizi alisema kwamba karatasi ni karatasi, lakini yeye angependa kusikia kama mwenye mali anaijua mali yake.

"Mayu," Bi Justina alisema, "wataje."

"Wa kwanza Mkutano," Milembe alisema. "Ana pembe moja. Ya pili aliivunja kwa kugombana bila sababu na bila kufikia muafaka. Wa pili Ndege, huyu ukimkamua upande wa kushoto anakupiga teke. Wa tatu Bikira, ana ndama saba. Wa nne Kimya, huyo usimwamini..."

"Inatosha!" mlinzi alipiga kelele kutoka Mwanhuzi. "Huyo Kimya kanipiga pembe juzi. Ni wa mama huyo."

"Tusiwe wabaguzi," Bi Justina alisema, akamgeukia Bwana Mboje. "Taasisi hii ni shirikishi. Na wewe taja jina la mmoja."

Bwana Mboje alilitazama dari. Aliwatazama wajumbe, wajumbe wakatazama viatu vyao. Aliona ng'ombe kumi na mmoja wakipita mbele ya macho yake, wote wana sura ile ile.

"Ng'ombe," alisema.

Saa sita kasoro dakika kumi ilitoka amri kwamba wakabidhiwe kwa Milembe Ngeleja. Alikunja nakala ya toleo la zamani mara nne, akaiweka ndani ya mfuko wa matobolwa, akaufunga mdomo. Koridoni alimpita Bwana Mboje, ambaye alikuwa ameambiwa asubiri kidogo nje.

"Kaa, baba," alimwambia, akimwonyesha benchi. "Nimeshakupashia joto."

Neno "Kaimu" lilimtoka Bwana Mboje siku hiyo hiyo, kama alivyotamani siku zote. Lilitoka pamoja na lile lililolifuata. Aliagizwa aandike maelezo ya kujitetea, na akayaandika pale pale kwenye benchi, kwa bidii, matoleo kumi na saba ndani ya wiki moja. Yote yalipandishwa ghalani kwa mujibu wa taratibu.

Nyamizi alipolibana ghala Jumatatu baada ya wiki hiyo, RAM haikusumbua hata kidogo. Matoleo yale kumi na saba yalifanana kwa kila herufi. Tofauti ilikuwa mstari mmoja tu, ule unaotaja jina la mtu wa kulaumiwa.